Fundo Upande wa Kijani

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa fundo. Fundo la kitambaa cheupe kwenye kigingi cha kumi na saba, nalo lilikuwa upande wa kijani.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Kwetu ni jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Nyumba yetu ni ya mwisho kabla ya uwanda. Nyuma ya jiko miti inakwisha ghafla, kama vile kuna mtu aliisimamisha akaiambia basi, mwisho hapa. Kuanzia hapo hadi uchoke kutazama ni majani makavu yaliyosimama mafungu mafungu kama vichwa vya watu wasiochana nywele, mawe meusi, maji meusi, na upepo. Ukungu unakuja bila kupiga hodi. Unaweza kuwa unaongea na mwenzako, ukainama kufunga kamba ya kiatu, ukiinua kichwa hayupo.

Mahali pabaya uwandani ndipo panapopendeza. Ardhi ngumu ni ya kahawia, imechakaa kama koti la zamani. Kinamasi ni cha kijani kibichi, laini, kinang'aa, kama kinakukaribisha ukae. Ukikanyaga kijani unazama hadi goti. Ukikanyaga kijani cha karibu na Jiwe Kubwa, sijui unazama hadi wapi, maana hakuna aliyewahi kurudi na kipimo.

Ndiyo maana kuna vigingi. Kila mwaka mvua zikiisha kinamasi kinakuwa kimehama, kimekula huku na kuachia kule. Baba Mkubwa hutembea uwanda mzima akitazama rangi za ardhi, anapigilia upya vigingi mia moja na ishirini, vya urefu wa kiuno, na kila kimoja anakifunga kitambaa cha shuka kuukuu. Fundo ndilo linalosema. Upande wenye fundo ndio upande wa kupita, uwe unakwenda au unarudi. Ukungu ukishuka huhitaji macho. Unapapasa kigingi, unapata fundo, unajua pa kuweka mguu.

Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Watu walimwita Dira. Alikuwa na beji ya shaba kifuani, ya kuonyesha kwamba ana kibali cha kuongoza wageni, na Mama Mkubwa alikuwa akisema huyu mume wangu anaweza kusahau suruali lakini si beji.

Mimi wananiita Kimya. Niliacha shule darasa la tano. Mwalimu hakuutaka mkono wangu wa kushoto, na wa kulia ulipoandika herufi zilianguka kama walevi. Kusoma kwa sauti ndiyo kabisa. Nilisimama, nikafungua mdomo, darasa likasubiri, kengele ikalia. Siku moja nikakataa kwenda. Mama Mkubwa alifoka, lakini Baba Mkubwa alinitazama akasema, "Basi. Uwandani hakuna ubao." Tangu hapo kazi yangu ikawa kubeba chupa za chai, kuosha viatu vya wageni, kuanika soksi zao juu ya jiko, na kutembea nyuma ya msafara kuhakikisha hakuna anayebaki.

Anayetembea nyuma huona mambo mengi. Siku ile, wiki mbili kabla ya wageni kuanza, nilikuwa nimebeba mzigo wa vigingi, yeye mbele na nyundo. Alipofunga kigingi cha kumi na saba akaendelea, mimi nikasimama. Fundo lilikuwa kushoto. Kushoto kulikuwa kijani tupu. Hata mtoto angeona.

Nilidhani ameteleza tu. Lakini cha ishirini na tatu vilevile. Cha ishirini na nne. Kisha nikaanza kumtazama yeye badala ya vigingi. Niliona jinsi alivyoinama, akakodolea macho ardhi chini ya kigingi, akafunga kwa haraka kama mtu anayebahatisha. Nikakumbuka alivyomwaga chai pembeni ya kikombe mwezi uliopita akasingizia kishikio cha birika. Nikakumbuka alivyomsalimia ndama wa jirani, "Habari za asubuhi, bwana," sote tukacheka tukidhani ni mzaha.

Macho yake yalikuwa yanaondoka. Rangi ndizo zilizotangulia.

Sikusema. Ningesemaje? Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kutofautisha kahawia na kijani, amenishika mkono nikiwa na miaka sita. Na mwisho wa mwezi ule afisa wa vibali alikuwa anakuja, kama kila mwaka, kutembea njia nzima naye. Akijua, beji inakwenda. Bila beji, Baba Mkubwa angekuwa mzee fulani aliyekaa kwenye kiti.

Kesho yake alfajiri nikatoka na ndoo, ili Mama Mkubwa adhani nakwenda kuteka maji. Nilirekebisha mafundo tisa. Nikarudi, nikachemsha chai.

Lakini mkono wangu wa kushoto hufunga kinyume. Mkia wa kitambaa changu hutokea juu, wa Baba Mkubwa hutokea chini. Nikaona yale tisa yanajitangaza kati ya mengine. Basi asubuhi zilizofuata nikafungua yote, hata yaliyokuwa sawa, nikayafunga upya kwa mkono wangu, ili yafanane. Kila alipopigilia sehemu mpya, kesho yake alfajiri nilipita nyuma yake.

Nitasema ukweli, zilikuwa asubuhi nzuri. Nilimjua bundi wa pale, ambaye hana habari na usiku, anawinda jua likichomoza, anaruka chini chini kimyakimya kama aliyepoteza kitu majanini. Nilimjua ndege mwenye mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Humwoni mpaka ukaribie kumkanyaga, halafu anaruka kwa kishindo roho inakutoka. Kulikuwa na paa jike na mtoto wake waliovuka njia kila siku karibu na kigingi cha arobaini. Yule mama alikuwa anajaribu kila hatua kwa ukwato mmoja kabla ya kuweka uzito. Nikawaza, huyu hahitaji fundo la mtu.

Niliona kitu kingine. Baba Mkubwa alianza kugusa kila kigingi anapopita. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alipita akipiga soga, mikono nyuma. Sasa mkono wake wa kulia ulishuka, ukapapasa fundo, ukaendelea. Nilidhani anagusa ili ajue njia.

Siku mbili kabla ya afisa kufika, jioni, tulipata wageni wawili, mwalimu mstaafu na mumewe, fundi saa. Mwalimu alikuwa na daftari la ndege. Fundi saa hakujali ndege. Alitazama vitu vidogo. Kesho yake asubuhi tuliwatembeza nusu ya kwanza ya njia, na kwenye kigingi cha thelathini Baba Mkubwa akawasimamisha kuwasimulia Bibi wa Kamba, kama anavyowasimulia wote.

"Bibi huyu alikuwa na ng'ombe mmoja," akaanza. "Ng'ombe mwenyewe mtundu, kichwa kigumu kama mume wa mtu fulani."

"Namjua huyo mume," alisema mwalimu.

"Ng'ombe akaona kijani, akaingia. Akazama hadi tumbo. Bibi alikuwa ameshika kamba. Akavuta. Watu wakaja wakamwambia, mama, achia, utakwenda naye. Akasema siachii. Jioni wakamwona bado anavuta. Asubuhi hawakumwona yeye wala ng'ombe. Lakini hakuna aliyemwona akizama. Wanasema bado anazunguka na kamba yake. Ukiidharau njia, anakufungulia fundo. Ukiiheshimu, anakufungia."

Fundi saa alikuwa amechuchumaa mbele ya kigingi, miwani imeshuka puani. "Basi bibi yako ni wa mkono wa kushoto," alisema.

Niliuficha mkono wangu wa kushoto nyuma ya chupa za chai.

"Tazama. Vitambaa vyote kuanzia nyumbani vimefungwa na mtu wa shoto. Na wewe mzee nimekuona na fimbo, wewe ni wa kulia. Nani anafunga hivi?"

Baba Mkubwa aligusa kitambaa. "Si nimekwambia? Bibi wa Kamba," akasema. "Alikuwa wa shoto. Ndiyo maana ng'ombe alimshinda, kamba ilikuwa imezungushwa upande mwingine."

Mwalimu akacheka sana, akaandika kwenye daftari la ndege. Mimi nilitazama chini. Hiyo ya shoto haikuwamo katika hadithi. Nimeisikia tangu utotoni, haikuwamo.

Mchana ule mimi na Baba Mkubwa tulikwenda kumalizia vigingi vya mwisho, vile vya kupita Jiwe Kubwa. Alivipigilia, akavifunga. Vitano vilikuwa sawa. Cha sita, kile kinachokaa ukingoni kabisa mwa kijani kisichopimwa, alikifunga upande wa maji. Nikakitia akilini: kesho alfajiri.

Jioni tulikaa mezani wote. Soksi za wageni zilikuwa zinatoa mvuke juu ya jiko. Mwalimu akanigeukia kwa upole, "Na wewe binti, asubuhi asubuhi nimekuona dirishani unakwenda uwandani peke yako na ndoo. Humwogopi Bibi wa Kamba?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijapata neno Baba Mkubwa alidakia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Huyo? Huyo hata akizama hatapiga kelele. Tutajua amezama siku tutakapokosa chai!"

Walicheka. Mama Mkubwa akasema, "Wewe nawe, mwache mtoto," lakini naye alikuwa anacheka. Fundi saa alicheka hadi akavua miwani. Na mimi nilicheka. Kisha nikainuka kugeuza soksi ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Alfajiri nilikwenda na ndoo yangu. Nilifunga upya kigingi cha kwanza cha sehemu ile, cha pili, hadi cha tano. Nikarudi. Ukungu ulikuwa umekaa mbali, kama ng'ombe waliolala.

Afisa alifika saa tatu, kijana mwenye viatu vipya na ubao wa kuandikia. Kanuni ni kwamba kiongozi apimwe akiwa na wageni wa kweli, hivyo mwalimu na fundi saa walikuja pia. Baba Mkubwa mbele, afisa nyuma yake, kisha wageni, kisha mimi na chai.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Bundi alipita, mwalimu akashangilia. Afisa aliandika. Tulipofika Jiwe Kubwa ukungu ukaja. Haukuchukua muda wa kumenya yai.

Ukungu ukishuka tuna utaratibu wetu. Kiongozi anapapasa kigingi na kuita, "Kulia!" au "Kushoto!" na kila mmoja nyuma analirudia neno, hadi wa mwisho. Hivyo mstari unabaki mmoja. Nilimsikia Baba Mkubwa akiita cha kwanza, "Kulia!" Afisa, "Kulia!" Mwalimu, "Kulia!" Fundi saa, "Kulia!" Mimi niligusa begi la fundi saa, ndivyo ninavyoitikia, wote wanajua. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Cha tano.

Kisha kimya.

Nilihesabu pumzi zangu. Afisa akauliza, "Mzee, vipi?"

Sikumwona Baba Mkubwa, lakini nilijua amesimama vipi: mkono wa kulia kwenye fundo, kidole gumba kinatafuta mkia juu na kuupata chini. Lilikuwa fundo lake mwenyewe. Katika vigingi mia moja na ishirini, hilo tu ndilo lililokuwa lake.

Ndipo nikaelewa alichokuwa akigusa siku zote zile. Hakuwa anatafuta njia. Alikuwa anatafuta mkono wangu.

"Kimya," aliita. "Njoo mbele, mwanangu."

Nilipita pembeni mwa wageni nikiwashika mabega mmoja mmoja. Nilipomfikia alinishika kiganja akakiweka juu ya kitambaa. Akaninong'oneza, "Hiki Bibi hakukipitia. Niambie wewe."

Niliinama. Kushoto kijani, kinang'aa hata katika ukungu. Kulia kahawia. Fundo lilikuwa kushoto.

"Kulia," nilisema.

"Waambie wao. Mimi nipo karibu."

"Kulia."

Afisa akasema kutoka nyuma, "Binti, sauti! Huku imefika ya mbu tu."

Nilivuta hewa yote iliyokuwepo uwandani. Nikapiga kelele. Neno lilitoka likiwa limepasuka katikati, baya, kama mlango wa banda, lakini lilitoka. "Kuliaaa!" Ndege mdomo-mrefu akaruka miguuni petu kwa kishindo, mwalimu akapiga yowe lake, fundi saa akasema, "Kulia, kulia, jamani, tumesikia hadi mjini." Nilifungua fundo, nikalifunga upande wake, tukapita. Kigingi hicho kilikuwa cha mwisho, ikabaki safari yote ya kurudi kwa vigingi vilevile. Niliita vyote. Kufika kigingi cha kumi na saba sauti ilikuwa imenikauka, na sikuwa na aibu nayo.

Nyumbani afisa aliweka ubao wake mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mzee, naandika ukungu ulikuwa mkubwa ukaomba msaidizi. Hilo linakubalika." Akamsogezea kalamu. "Weka sahihi hapa."

Baba Mkubwa alipapasa karatasi. Kalamu ilizunguka juu yake ikitafuta mstari. Afisa akatazama pembeni, akajifanya anatazama soksi.

"Hapana," alisema Baba Mkubwa akaiweka kalamu chini. "Andika ulichokiona. Aliyewarudisha nani?" Akaanza kufungua beji. Pini ilimsumbua, Mama Mkubwa alitaka kumsaidia, akamzuia kwa kiwiko. Alipoitoa, shati lilikuwa na alama ya duara, safi kuliko kwingine. "Mpe huyu. Ana macho. Na sauti sasa anayo, mmeisikia, msiseme hamkusikia."

Hawakunipa siku ile. Kuna fomu, na kuna mtihani, na mwalimu mstaafu alinifundisha kwa barua jinsi ya kujaza. Aliniandikia tumia mkono unaotaka. Sasa ni mwaka wa tatu naongoza. Baba Mkubwa hukaa jikoni na wageni wenye viatu vilivyolowa, anawasimulia Bibi wa Kamba, na kila mwaka bibi anazidi kuwa wa shoto. Haoni tena uso wangu. Anamjua mtu kwa hatua zake.

Aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunachana shuka za vitambaa, yeye anashika, mimi navuta. "Kile kigingi cha Jiwe Kubwa," alisema, "siku ile ya afisa. Kilikupita?"

Nilijibu ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema hata Bibi huchoka.

Sasa hivi amekaa hapa, upande wa pili wa meza, anasikiliza kalamu ikikwaruza. Ameuliza naandika nini kirefu namna hii. Nimemwambia orodha ya soksi.

Baba Mkubwa, hakikunipita. Asubuhi ile nilifika, nikakishika, nikaona fundo liko upande wa maji. Nilisimama pale nikisikia bado masikioni walivyocheka mezani jana yake, wewe ukicheka zaidi yao. Nikasema moyoni, leo acha waone nani haoni. Sikujua kwamba ulinicheka ili mwalimu asiulize zaidi kuhusu ndoo. Hilo nilikuja kulielewa baadaye, nikiwa nimeshakuchukulia beji yako. Nilipanga kupiga kelele kabla hujaweka mguu. Lakini uliposimama mimi nilikuwa nyuma, mdomo wangu uko wazi, na hakuna kilichotoka. Usingesimama mwenyewe, sijui. Nilikiacha kwa makusudi.